Harusi ya Ulaya

Waambie vijana wenzako wa Dar kwamba Jumamosi ijayo unakwenda kula harusi Ulaya, halafu nyamaza uwatazame. Mmoja atauliza viza umeipataje. Mwingine atakuomba umletee viatu. Yule aliyewahi kufikiria kuzamia meli atakuvuta pembeni akunong'oneze kama huko hakuna kazi hata ya kuosha vyombo. Waache wahangaike kidogo, ndipo uwaeleze: Ulaya hii iko wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, kusini ya Kilosa mjini kama unaelekea Mikumi. Paspoti haihitajiki. Na kama wanapenda mambo ya lugha, waongezee kwamba Ulaya na wilaya ni neno moja la Kiarabu, lenye maana ya nchi au jimbo lililo chini ya mtawala, ila lilitufikia kwa njia mbili. Kwa hiyo anayesema "Ulaya, wilaya ya Kilosa" amesema jambo lile lile mara mbili.

Mimi huko ni kwetu kwa upande wa mama, na kwa mila za Kilosa upande wa mama ndio kwenu hasa. Nitalirudia jambo hili baadaye maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mgeni wa harusi za kwetu ana taabu moja: saa zake za bure ni nyingi mno. Wenyeji wanachinja, wanatwanga, wanakimbizana na maturubai na jenereta. Yeye amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, amepewa soda, anatazama kuku. Harusi ya binti ya mama mdogo ilipofika, Agosti mwaka jana, mama mkubwa alinitafuta akaniambia, "Wewe si ndiye unayejifanya mwandishi? Basi chukua wageni hawa uwaonyeshe nchi, wasituzibe njia ya jikoni." Hivyo ndivyo kijana wa Fomu Foo asiye na kazi maalumu alivyopata kazi. Nilikwenda kuwapokea wageni Morogoro, nikapanda nao Kosta, na nikawasimulia yafuatayo. Baadhi yao walisinzia. Ndugu msomaji, wewe usisinzie.

Njia ya Kilosa inaachana na barabara kuu ya Dodoma pale Dumila, unakata kushoto. Hapo mpaka Kilosa mjini ni kilomita kama 70 hivi, na sasa ni lami. Kulia kwako ni milima, kushoto ni tambarare zinazoshuka kuelekea Mkata. Baada ya muda kondakta anaita: "Msowero! Wa Msowero msogee!" Hapo basi zima linacheka.

Kama umesoma sekondari Tanzania unajua wanachekea nini. Kichekesho ni kwamba historia sekondari tulifundishwa kwa Kiingereza, lakini Mangungo tunamcheka kwa Kiswahili. Chifu Mangungo wa Msowero, mzee aliyeuza nchi! Kila mkataba wa madini ukizua mzozo, kaburi lake linafukuliwa upya. Mwaka 2023, watu walipobishana juu ya mkataba wa bandari, jina lake lilitajwa vijiweni kana kwamba ni yeye aliyetia saini tena. Katika Kosta yetu alikuwapo kaka mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa Temeke, mcheshi, naye akasimama akatangaza: "Jamani, tumefika kwa wakwe waliotuuza! Hesabuni vichwa, tusije tukapungua."

Nilicheka, kwa sababu utani wa harusi lazima ucheke. Lakini tangu nikiwa Fomu Wani nina neno na kicheko hicho, na sasa acha niliseme.

Novemba 1884 Wajerumani wachache waliteremka Saadani wakitokea Unguja. Walikuwa wamesafiri kwa majina ya bandia. Kiongozi wao, Carl Peters, alikuwa na miaka 28. Hebu fikiri: umri wa washikaji wetu wanaokaa kijiweni wakisubiri ajira. Hakuwa balozi wala hakuwa ametumwa na serikali yake. Alikuwa mwakilishi wa chama cha watu binafsi kilichotaka makoloni, na pamoja naye walikuwapo Carl Jühlke na Joachim von Pfeil. Walipanda bara, na katika muda usiofika wiki sita walikusanya mikataba 12 katika nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Ule wa Mangungo ni wa tarehe 29 Novemba 1884. Desemba ilipofika katikati Peters alikuwa amekwisharudi pwani.

Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Unadai kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote kwa Peters na chama chake, milele, wao waitumie kwa makazi ya Wajerumani. Peters mwenyewe alieleza baadaye jinsi mambo haya yalivyokuwa yakifanyika: vinywaji vikali, zawadi, bendera kupandishwa, bunduki kupigwa hewani. Kwingine walifanya hata undugu wa damu, ule wa kuchanjiana. Sasa jiulize, mtu anayekuja kwako kwa zawadi, akanywa nawe, akataka kuchanjiana damu nawe, kwa mila zetu anataka nini? Anataka undugu. Na ndugu mwenye bunduki, katika Usagara ya miaka ile, hakuwa mtu wa kufukuzwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imepita katikati ya nchi hii miaka na miaka. Wahehe walikuwa wakishuka kutoka milimani kuteka mifugo na watu. Nisingemwita mpumbavu mzee anayetafuta rafiki katika hali hiyo. Mimi mwenyewe ningemkaribisha huyo mgeni.

Waliofaidi karatasi zile walikuwa mbali. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash wa Unguja akapinga kwa nguvu, akasema nchi hizo ni zake. Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akanyamaza. Kwa maneno mengine, hata karatasi yenyewe haikutosha, ilihitaji mizinga. Mbona Barghash hatumcheki? Na huyo Peters, mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi kwa sababu ya ukatili alioufanya Kilimanjaro. Vitabu vya shule vinalitaja hilo kwa haraka haraka, kama vikilitaja.

Lakini hoja yangu hasa haikutoka katika kitabu chochote. Niliipata kwenye mkeka wa posa.

Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, watu wa pande hizi ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, lakini jambo zito likija mjomba anaitwa hata kama yuko Tabora. Barua ya posa ya binti yetu ilipokuja na kishika uchumba ndani yake, baba yake aliipokea vizuri, akaiweka mezani, hakuifungua. Akasema, "Ngojeni wenyewe." Wenyewe ni wajomba! Mzee amemlea binti miaka 24, amemlipia ada, na bado anasema ngojeni wenyewe.

Vikao vilikuwa vitatu. Cha kwanza mshenga alirudishwa kwa sababu mjomba mkubwa hakuwapo. Cha pili walibishana juu ya mkaja wa mama mpaka chai ikapoa. Cha tatu ndipo walipokubaliana, na hapo bibi mmoja ambaye nilidhani amelala akainua kichwa akauliza kwa nini ukoo wake haukupewa taarifa. Tukaanza upya kidogo. Tangu barua ya posa mpaka siku ya ndoa ilipita miezi minane, na huyo ni binti mmoja tu.

Basi niambie, mtu wa nchi ya namna hii, ambako baba hawezi kumtoa binti yake peke yake, aliwezaje kuitoa ardhi ya koo zote kwa siku moja, kwa wageni wanne? Ardhi ilikuwa ya koo. Makaburi ya kina bibi yamo humo. Mangungo hakuiuza kwa sababu hakuwa nayo ya kuuza, na naamini yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa amesimama pale. Angeweza kumwonyesha mgeni mahali pa kujenga na kulima. Angeweza kumwita ndugu. Zaidi ya hapo karatasi ile ilikuwa sawa na mimi kukuandikia hati ya kukuuzia mvua. Wajerumani walikuwa na njia nzuri ya kulijua hilo, nayo ni kuuliza. Hawakuuliza kwa sababu jibu lingewaharibia safari.

Yule kaka wa Temeke alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo unamtetea mkwe." Sawa, namtetea.

Tuendelee na safari maana Kosta haingojei. Baada ya Msowero unafika Rudewa, nchi ya mkonge. Mistari ya mkonge uliozeeka bado inaonekana hapa na pale, na mashamba mengine yamekuwa pori. Ardhi hii imewahi kumwaga damu. Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Sikuwaambia wageni habari hiyo kwa sauti kubwa, ilikuwa harusi, lakini siwezi kuandika juu ya njia hii nikaacha kuitaja. Halafu kuna Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo.

Kilosa mjini tulishuka tukatembea. Nawashauri mtembee. Mji wenyewe si mkubwa na jua la Agosti si kali sana. Anzia stesheni ya zamani. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Morogoro 1907, ikapenya Kilosa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla yake bonde hili la mto Mkondoa lilikuwa barabara ya miguu. Misafara ya Bagamoyo ilipita hapa kwenda Tabora na Ujiji, na pembe za ndovu na watumwa walipita hapa kwenda pwani. Burton na Speke walipita 1857. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, akakosea msimu, masika ikamkuta kwenye tambarare ya Mkata na matope yakamtesa yeye na punda wake. Kwa hiyo mkipanga harusi Kilosa, tafadhalini, msiipange Aprili. Ila tukisimulia njia hii tunapenda kuwataja hao watatu na kuwasahau wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea mamia ya kilomita na mzigo kichwani au begani. Treni ndiyo iliyowaondolea kazi. Upande wa bibi harusi tuna mkwe Mnyamwezi, naye pale stesheni alidai alipwe fidia ya babu yake. Alilipwa soda.

Pembeni ya reli hiyo kuna tawi linaloshuka kusini, lililofika Kidatu mwaka 1965. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inapita Kilosa kwenda Dodoma, ikipenya mahandaki ya milimani, moja likiwa na urefu unaozidi kilomita. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya 1,435. Ukitaka kujua jinsi maisha yanavyokwenda mbio, simama Kilosa ukazitazame zote mbili kwa siku moja.

Kutoka stesheni nenda mtoni. Mkondoa wakati wa kiangazi ni mto wa kuonea huruma, mchanga mwingi, maji kidogo, watoto wanachezea. Usidanganyike. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto huu ulivunja kingo, ukaingia mjini na vijijini, ukang'oa reli kati ya hapa na Gulwe. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na treni za bara zilisimama. Wengine waliishi katika mahema muda mrefu kuliko hema linavyopaswa kukaliwa. Maji haya yanaingia mto Wami, na Wami unamwaga baharini karibu na Saadani, pale pale Peters alipoteremka. Niliwaambia wageni hivyo tukiwa tumesimama ukingoni. Dada mmoja akatema mate mtoni, akasema yafike salama.

Karibu na hapo ni Kondoa, na usichanganye na Kondoa Irangi ya Dodoma, kosa wanalofanya hata waandishi wa vitabu. Hapa Mfaransa mmoja, Bloyet, alikuwa na kituo mwanzoni mwa miaka ya 1880, kabla ya Peters. Wajerumani nao wakaweka ngome, na mwaka 1892 Wahehe wa Mkwawa wakaishambulia. Mwaka 1905 moto wa Maji Maji ulifika hadi Kilosa na Vidunda. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Kilosa, na Mjerumani akaondoka. "Milele" ya mkataba wa Mangungo ilikuwa imedumu miaka 32 kasoro miezi mitatu.

Njia ya kurudi, msirudie mlikotoka. Kutoka Ulaya endeleeni kusini hadi Mikumi, mtokee barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Hapo barabara inakatiza katikati ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, na wanyama mtawaona dirishani bila kulipa kiingilio: twiga, pundamilia, nyani wasio na adabu, na mkiwa na bahati tembo. Dereva asikimbize gari, faini ya kugonga mnyama ni kubwa. Mikumi ndilo jimbo alilowakilisha bungeni Profesa Jay, kati ya 2015 na 2020, kwa hiyo vijana mnaotunga mistari na mnaotaka ubunge mnaweza kupiga picha hapo kwa faida mbili.

Nimeitangulia harusi yenyewe. Ulaya ni kijani kuliko unavyotarajia, migomba, miembe, mashamba ya mahindi na mpunga, milima kwa mbali. Ndoa ilifungwa mchana, tukala pilau, ngoma ikapigwa mpaka majogoo. Asubuhi yake nikawakuta wageni wawili, mmoja wao yule yule kaka wa Temeke, wamemweka mjomba kati chini ya mwembe. Walikuwa wamependa mahali. Treni ya umeme imeleta mji karibu, walisema, mtu anaweza kulima huku huku yuko Dar. Heka bei gani mjomba? Tunaweza kuandikishana sasa hivi, balozi akawa shahidi.

Mjomba hakukasirika. Aliuliza kama bwana huyo ana mke. Anaye. Anajua? Bado. Basi mjomba akamweleza mambo ambayo mimi nilikuja kuyasoma baadaye katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999: ardhi ya kijiji haihamishwi kwa karatasi ya watu wawili na balozi, lazima halmashauri ya kijiji iidhinishe. Na kabla ya halmashauri, akasema, kuna dada zake watatu na watoto wao, na mmoja yuko Kidodi, na mwingine ni mkali. "Tafuta mshenga," alimwambia. "Njoo na mkeo. Mara ya kwanza tutakurudisha, usione vibaya."

Kaka wa Temeke alinitazama, akacheka, akasema amekubali. Mpaka naandika haya mshenga wake hajafika. Salio la mahari nalo halijamalizika, mbuzi wawili na blanketi la bibi, yule aliyedhaniwa amelala. Yameandikwa kwenye daftari la mistari la shilingi mia saba, kwa Kiswahili, mashahidi wanne kila upande, na daftari analitunza mjomba kwenye sanduku pamoja na mbegu.